Mkataba wa ubia: mlima ukiporomoka, nani analipa?

Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na kipande kinachowanyima mafundi wake usingizi ni ule mpando wa kutoka Mlimba kuja Makambako. Mahandaki na madaraja yamesongamana hapo, na mvua zikikolea, udongo wa mlimani hushuka na kufunga njia. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini na kampuni ya CCECC ya China mkataba wa miaka 30, wenye thamani ya takriban dola bilioni 1.4, wa kuikarabati na kuiendesha reli hiyo. Mkazi wa Makambako, Mbeya au Tunduma ana haki kabisa ya kuuliza: mlima ukiporomoka mwaka wa kumi na mbili, gharama ni za nani?

Kanuni ya ubia kati ya serikali na mwekezaji (mbia) ni kwamba kila kihatarishi, yaani jambo linaloweza kuleta hasara, kibebwe na yule anayeweza kukidhibiti. Ardhi na fidia ni za serikali, maana mwekezaji hana mamlaka ya kutwaa shamba la mtu. Ujenzi ukichelewa, hilo ni la mbia. Ugumu uko kwenye mvua. Mikataba mingi husema mbia hatawajibika kwa janga lisilozuilika, na hapo ndipo wananchi tunapoumia. Kalavati lililojaa matope na majani tangu kiangazi, bila mtu kulizibua, likashindwa kupitisha maji na tuta likachukuliwa, hilo si janga. Ni matengenezo yaliyorukwa. Kwa hiyo mkataba utaje mvua ya milimita ngapi ndiyo isiyo ya kawaida, ikipimwa kituo gani, na utake kumbukumbu za usafishaji wa mitaro. Bila hivyo, bili inarudi hazina.

Tunayo mifano miwili ya umeme ya kujifunzia. Mkataba wa mwaka 1995 wa IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, kwa mtambo wa megawati 100 kule Tegeta, uliweka malipo ya kila mwezi kwa ajili ya mtambo kuwepo tu, uwashwe usiwashwe. Kihatarishi cha mahitaji, yaani umeme kutohitajika, kikakaa chote upande wa umma, na nchi ikahangaika nacho miaka mingi. Tofauti yake ni mradi wa umeme wa maji wa Mwenga, Mufindi, wa megawati 4, ulioanza kuzalisha mwaka 2012. Chini ya mikataba sanifu ya wazalishaji wadogo, TANESCO, shirika la umeme la taifa, hulipia umeme uliofika kwenye gridi. Maji yakipungua, mapato ya mzalishaji yanapungua, kwa hiyo ana sababu yake mwenyewe ya kujali msitu na chanzo cha mto. Mkataba wa namna hiyo ndio ninaouamini.

Na maji si jambo la kudhani lipo. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka nyakati za kiangazi tangu miaka ya 1990, kwa sababu kubwa ya matumizi ya maji huku juu Usangu. Upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi utafaa, unaotumia takwimu za zamani za mto bila kuangalia mabomba na mashamba ya leo unaanza na kosa.

Kihatarishi kingine ni cha sarafu. Mbia akikopa dola na kukusanya tozo kwa shilingi, atataka tozo ipande kila shilingi inaposhuka. Madiwani wanaojadili soko au stendi ya ubia waulize mapema: kodi ya kibanda itapandishwa kwa kigezo gani, na nani ataidhinisha? Mama anayeuza viazi hana nafasi ya kulijadili hilo baada ya saini.

Sheria ya Ubia ya mwaka 2010, iliyofanyiwa marekebisho mara kadhaa ikiwemo mwaka 2023, inadai upembuzi kabla ya mkataba. Ila kipengele kinachopewa muda mdogo kuliko vyote mezani ni makabidhiano. Miaka ya mwisho mbia huacha kutia fedha, kama mpangaji anayejua anahama. Mkataba useme reli, soko au mtambo urudi ukiwa katika hali gani, ukaguzi huru uanze miaka mitano kabla, na fedha za marekebisho zizuiwe kutoka kwenye mapato ya mbia wakati mapato hayo bado yapo.