Je, Mshtarii ndiyo inayolitia Jua madoa?

Aliyekulia Jambiani au Makunduchi anajua tangu utotoni kwamba mwezi ukiandama au ukipevuka huja bamvua, maji yakapwa mpaka vigingi vya mwani vikabaki vimesimama juu ya mchanga. Basi akisoma kwamba madoa ya Jua, yale mabaka meusi yanayotokea usoni mwake, huzidi na kupungua kila miaka 11 hivi, na kwamba Mshtarii hulizunguka Jua kwa miaka 11.86, huona wepesi kuamini kuwa sayari hiyo hulifanyia Jua kile ambacho mwezi huifanyia bahari. Si wazo la kipumbavu. Rudolf Wolf, mtaalamu wa kuhesabu madoa hayo, alilifikiria mwaka 1859.

Lakini hesabu hazikubaliani. Tofauti ya miezi kumi ikilimbikizwa kwa mizunguko saba hufikia miaka sita, na Mshtarii iliyoanza pamoja na kilele cha madoa inalikuta Jua lina madoa machache kabisa. Tena baina ya 1645 na 1715 madoa yalikaribia kutoweka, ilhali Mshtarii haikubadili mwendo wake.

Wengine hudhani Jua limekaa tuli katikati ya sayari zake. Halikukaa. Nalo huzunguka kitovu cha uzito wa mfumo mzima, ambacho mara nyingine huwa nje ya uso wake: kwa Mshtarii peke yake kiko takriban kilomita 742,000 kutoka kiini cha Jua, na nusu kipenyo cha Jua ni kilomita 696,000. Mwaka 1965 mtafiti Paul Jose alikokotoa kwamba mwendo huo hukaribia kujirudia kila baada ya miaka 179, akauhusisha na madoa.

Hapo ndipo inapozaliwa dhana iliyo ngumu kuliko zote kung'oka, kwamba Jua likizungushwa hivyo husukwasukwa ndani kama maziwa kibuyuni. Litazame dafu linapoachia mnazini: kifuu, nyama na maji huanguka kwa kasi moja, na mpaka ligonge chini hakuna kinachosukuma kingine. Jua nalo huvutwa lote kwa pamoja namna hiyo hiyo, ila halina chini ya kugonga.

Kinachosalia ni ile tofauti ndogo ya mvuto baina ya upande wa karibu na wa mbali, ambayo ndiyo iletayo bamvua. Hiyo hudhoofu haraka mno, kwani umbali ukiongezeka mara mbili, yenyewe hupungua mara nane. Bamvua la Unguja hupandisha maji kiasi cha mita nne. La Mshtarii juu ya Jua halifiki milimita moja, mahali ambapo gesi huchemka kwa kasi ya kilomita nzima kwa sekunde.

Madoa yenyewe ni kazi ya sumaku, kama mwanaastronomia George Ellery Hale alivyogundua mwaka 1908, na ncha zake hugeuzana kila mzunguko wa madoa, hata ikachukua miaka 22 kurudi zilipoanzia. Wapo watafiti wanaosema kwamba Zuhura, Dunia na Mshtarii, zinazokaribia kupangana kila miaka 11.07, huenda zikaipa sumaku hiyo mdundo wa kufuata. Hesabu yao ni nzuri kuliko ile ya Mshtarii peke yake, lakini bado wanadaiwa maelezo ya jinsi milimita hiyo inavyoisukuma sumaku iliyojificha ndani ya Jua.