Tathmini huru ya mifumo ya halmashauri: huru kwa nani?

Siku hizi ni kawaida kusikia kwenye kikao cha halmashauri kwamba "tathmini huru ya mifumo imeshafanyika", na ukiuliza imefanywa na nani unatajiwa kampuni ileile inayosubiri kuleta mfumo mpya. Dodoma ndiyo makao ya TAMISEMI inayosimamia serikali za mitaa, ya Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA) na ya ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), kwa hiyo neno likizoeleka vibaya hapa halichelewi kufika kwenye halmashauri nyingine.

Tathmini huru ya mifumo ni uchunguzi wa mifumo ya TEHAMA ya halmashauri jinsi ilivyo leo, kabla haijaamuliwa kuiboresha, kuibadili au kuihama. Huangalia vifaa, programu, taarifa zilizomo, watumiaji na ruhusa zao, mtandao, usalama na gharama. Anayeifanya ni mtu ambaye haimiliki mifumo hiyo, haiendeshi, wala hatauza chochote baada ya ripoti yake kusomwa.

Mvutano wote uko kwenye hilo la mwisho. Wengi wetu tunadhani huru maana yake ni mtu kutoka nje: akishuka kwenye gari lenye nembo ya kampuni na kompyuta mkononi, basi yuko huru. Lakini mtu anaweza kutoka nje na bado akawa amefungwa na biashara yake. Mzabuni anayepita ofisini kuuliza mnatumia nini na mnataka nini anafanya uchambuzi wa mahitaji. Ni kazi halali, na ikifanywa vizuri inasaidia sana. Tatizo ni kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Sijapata kuona uchambuzi wa mzabuni uliomalizia kwa kusema: mfumo mlionao unatosha, safisheni kwanza daftari lenu la walipa ushuru, kisha mtuite mwakani.

Afisa TEHAMA naye hawezi kuwa huru hapa, hata awe mwadilifu kiasi gani. Ni yeye aliyepanga ruhusa za watumiaji, anayejua kwa nini seva iliwekwa kwenye kile chumba kisicho na kiyoyozi, na anayepigiwa simu mfumo ukigoma. Ushahidi wake ni wa lazima, tena mara nyingi ndiyo sehemu bora ya ripoti yote. Lakini ni shahidi.

Mkaguzi wa Ndani anakaribia zaidi. Hayuko chini ya Kitengo cha TEHAMA, kwa hiyo dhidi ya kitengo hicho yuko huru. Ila yuko chini ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi akiwa ameshalitangaza jina la mfumo anaoutaka, tunamtwika mkaguzi mzigo ambao si haki kumtwika. CAG ndiye huru kweli: Ibara ya 143 ya Katiba inamkinga asipokee maagizo ya mtu katika kazi yake. Lakini CAG hukagua kilichokwisha kufanyika. Akikaa leo kuishauri halmashauri inunue mfumo gani, kesho atakuwa anakagua ushauri wake mwenyewe. Na eGA, ambayo taasisi za umma huipelekea miradi yao ya TEHAMA chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, huangalia kama mradi unafuata viwango. Haitakwenda kuhesabu mashine za POS, zile za mkononi za kutolea risiti za ushuru, kwenye kizuizi cha mazao.

Nimetaja POS kwa makusudi. Chukua kizuizi chochote cha mazao mkoani kwetu msimu wa mahindi. Lori linasimama, mkusanyaji anaingiza idadi ya magunia, risiti inatoka, lori linaondoka. Mtandao ukiwa umekatika, muamala unabaki ndani ya mashine mpaka mtandao urudi, na fedha taslimu inabaki kwa mkusanyaji mpaka aipeleke benki kwa namba ya malipo. Kati ya risiti na benki pana pengo, na ripoti za CAG zimelirudia pengo hilo mwaka hadi mwaka: fedha iliyokusanywa kwa POS lakini haikufika benki, na mashine zilizokaa muda mrefu bila kuonekana kwenye mtandao.

Mzabuni akiliona pengo hili ataandika kwamba mashine zimechakaa, zinunuliwe mpya. Mtathmini huru ataanza kwa kuuliza ni mashine ngapi zimesajiliwa na kila moja iko mikononi mwa nani. Mkusanyaji aliyehamishwa kata, akaunti yake ilifungwa siku gani? Nani analinganisha kila siku risiti za mashine na taarifa ya benki, na akiona tofauti anampelekea nani? Kama hakuna anayelinganisha, mfumo mpya utalirithi pengo lilelile, na litakuwa limeongezewa gharama ya kununua mashine.

Haya hayatokei kwetu peke yetu. Jiji la Birmingham, Uingereza, lilihamia mfumo mpya wa fedha wa Oracle mwezi Aprili 2022. Kazi iliyokadiriwa kugharimu takriban pauni milioni 19 ilielekea kufikia pauni milioni 100, na sehemu iliyowasumbua sana ilikuwa ni hiyohiyo ya kulinganisha hesabu za mfumo na za benki. Septemba 2023 jiji likatangaza kwamba haliwezi kumudu matumizi yake; mzigo mkubwa ulikuwa madai ya mishahara sawa kati ya wanawake na wanaume, na gharama za mfumo nazo zikatajwa.

Wapo wanaosema halmashauri haina cha kutathmini kwa kuwa mifumo mikubwa, kama TAUSI wa mapato na MUSE wa malipo, inatoka juu. Programu inatoka juu, ndiyo. Lakini duka moja lililosajiliwa mara tatu kwa majina matatu ni letu, neno la siri linalotumiwa na watu wanne ni letu, na nakala ya akiba ambayo haijawahi kujaribiwa kama inafunguka ni yetu. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika, taarifa za mwananchi zilizo mikononi mwetu zina sheria yake pia.

Kumpata mtu huru si lazima kuwe ghali. Anaweza kuwa mkaguzi wa halmashauri nyingine, au mhadhiri wa kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma, alimradi chuo hicho hakijaombwa kuutengeneza mfumo wenyewe. La muhimu ni hadidu za rejea, yaani masharti ya kazi anayopewa, zimzuie kuomba zabuni itakayofuata, malipo yake yasitegemee anachopendekeza, na ripoti ifike Kamati ya Fedha kama alivyoiandika, bila kupitia kwanza kwa wanaotathminiwa ili "iwekwe sawa". Na ifike kabla zabuni haijaingizwa NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, maana mkataba ukishasainiwa ripoti hiyo haina uamuzi wa kuusaidia.

Kwa hiyo kampuni ikishapita na kuandika inachokiona, tuishukuru na tuiandike kwenye muhtasari kwa jina lake: uchambuzi wa mahitaji uliofanywa na mzabuni. Diwani akiusoma hivyo atajua kwamba tathmini huru bado haijafanyika, na anaweza kuiomba kikao kinachofuata.