Rapa wa wimbo mmoja: je, kweli alifulia?

Wengi wanaamini kwamba rapa aliyevuma kwa wimbo mmoja alibahatisha tu, kisha akafulia. Imani hiyo ina mantiki yake: redioni unasikia wimbo uleule miaka nenda miaka rudi, mwingine hakuna.

Lakini kinachopimwa hapo ni redio, si kazi ya msanii. Marekani, kipimo kilichozoeleka cha kuvuma ni kuingia kwenye orodha ya nyimbo 40 bora za taifa. Rapa anaweza kuingia humo mara moja, huku ana albamu kadhaa zenye wasikilizaji waaminifu, kanda alizouza mkononi mtaani, na mashairi aliyowaandikia wengine. Hip hop yenyewe ilianza hivyo, kwenye sherehe za Bronx, sehemu ya jiji la New York, miaka ya 1970, kabla haijafika studio. Tena wimbo uliovuma huenda ndio usiofanana na kazi zake nyingine: kiitikio chepesi, pengine kaimba mtu mwingine.

Kuhakikisha si kazi kubwa. Ukiwa na CD, toa kile kijitabu cha ndani usome maandishi madogo: nani katunga, nani katengeneza mdundo, nani kashirikishwa. Mtandaoni, usiishie kwenye nyimbo tano za juu; fungua albamu, zipange kwa mwaka, kisha tafuta kazi alizoshirikishwa. Na usianzie pale alipovuma, rudi nyuma. Hapo ndipo mimi hushangaa zaidi: baadhi yao walikuwa wanachana miaka mingi kabla redio haijawajua.