Hesabu za uwezekano si kubahatisha

Kwenye daladala ya kupanda chuoni, hapa Dodoma, nikisema nafanya utafiti wa sayansi ya kompyuta, jirani yangu wa kiti hutoa simu iliyogoma kuingiza chaji. Namwelekeza kwa fundi. Fundi ana ujuzi wake. Kazi yangu ni karatasi, ubao na hoja, kuthibitisha kihesabu kwamba programu itafanya inachotakiwa kufanya.

Wengi, hata wanafunzi wetu, huamini kwamba programu iliyojaribiwa mara nyingi bila kukwama ni salama. La. Majaribio hufichua kosa lililopo, hayathibitishi kwamba hakuna jingine. Mwaka 1994 profesa wa hisabati Thomas Nicely alitangaza kwamba chipu ya Pentium, iliyokwishapita majaribio na kuuzwa, ilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Kosa hilo liliigharimu Intel, kampuni iliyotengeneza chipu hiyo, dola milioni 475.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba "uwezekano" maana yake kubahatisha. Chukua watu wawili waliokutana kwenye mlango mwembamba. Kila mmoja arushe sarafu: kichwa apite, mwenge asubiri. Wakipata sawa, warushe tena. Nafasi ya kukwama mara moja ni nusu. Kukwama mara kumi mfululizo ni 1 kati ya 1,024. Bahati iko kwenye sarafu, hesabu yenyewe ni kamili. Vifaa vya FireWire, aina ya waya wa kuunganisha kompyuta na vifaa kama kamera, hutumia mbinu hiyohiyo vinapogombea uongozi, na watafiti wameikagua kwa PRISM, programu inayopitia kila hali ambayo mfumo unaweza kuifikia. Wakakuta kwamba sarafu iliyoegemea upande mmoja inaweza kuharakisha uamuzi! Msingi wa haya yote ni minyororo ya Markov, ya tangu 1906: hesabu za mfumo unaohama hali hadi hali kwa bahati, hatua ijayo ikitegemea hali ya sasa tu.

Husemwa pia kwamba kazi hii inataka mitambo ya gharama na maabara za Ulaya. PRISM ni ya bure, na laptop ya kawaida inaiendesha. Kikwazo ni wingi wa hali. Taa 20, kila moja imewaka au imezimwa, zina michanganyiko 1,048,576. Ongeza taa 10, umevuka bilioni moja. Hapo ndipo mwanafunzi wa uzamili hukaa wiki nzima na ubao wake, mpaka aone kwamba, taa zikiwa za aina moja, hana haja ya kujua ni zipi zimewaka, ila ni ngapi tu. Bilioni ile inashuka hadi hali 31.