Pedali ya gita ikinyamaza: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kutoka Nakuru hadi Kisumu, pedali nyingi (visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gita) zinazosahaulika kwenye kabati la kanisa au kuuzwa kama spea zingali nzima ndani. Tatizo huwa kwenye njia ya umeme, matundu ya kebo au swichi. Ubao wa saketi ndio wa mwisho kushukiwa, ingawa ndio wa kwanza kulaumiwa.

"Taa haiwaki, basi imeungua."

Pedali nyingi, za kampuni ya Boss zikiwemo, hazina swichi ya kuzima na kuwasha umeme. Umeme wa betri unaingia kebo ya gita ikichomekwa kwenye tundu la INPUT. Tundu hilo lina vibati vitatu ndani, na kichwa cha kebo ya mono (chenye pete moja nyeusi; cha stereo kina mbili) ndicho kinachounganisha upande hasi wa betri. Ukichomeka OUTPUT peke yake, giza. Ukitumia kebo ya stereo iliyookotwa kwenye mixa, giza vilevile. Kwa hiyo tafuta kwanza kebo ya mono unayojua ni nzima.

Hapo ndipo betri zinapoishia pia. Pedali ya analogi inayokula miliampea 10 humaliza betri ya volti 9 yenye miliampea-saa 500 kwa takriban siku mbili, hata taa ikiwa imezimwa. Baada ya ibada, chomoa kebo.

"Plagi ikiingia, adapta inafaa."

Hili huua pedali. Pedali za kawaida zinataka volti 9 za DC, na hasi iwe katikati ya plagi. Adapta za vinanda vingi vya Yamaha ni volti 12, chanya katikati. Zikirushwa kwenye mfuko mmoja, gizani jukwaani hakuna atakayezitofautisha.

Pima. Weka mita ya umeme kwenye DC volti 20, ncha nyekundu ndani ya plagi, nyeusi kwenye ganda la nje. Kwa pedali ya hasi katikati, namba ije na alama ya kutoa: -9 au karibu. Ikija bila alama hiyo, usichomeke. Adapta nzito za zamani zenye transfoma, zilizoandikwa 9V, zinaweza kusoma 12 au zaidi zikiwa hazijaunganishwa na kifaa chochote. Hizo ziachie redio.

Ikiwa tayari imechomekwa vibaya, usikate tamaa. Pedali nyingi zina dayodi ya ulinzi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) karibu na tundu la adapta, mara nyingi 1N4001 au 1N5817, ambayo hujitoa kafara kwa kuungua na kuunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Chomoa umeme na betri, weka mita kwenye alama yake ya kupimia dayodi, upime huku na huku. Ikisoma karibu sifuri pande zote mbili, inua mguu mmoja upime tena, maana kifaa kingine kwenye ubao kinaweza kukudanganya. Ikiwa ndiyo mbovu, weka nyingine. 1N4007 inayopatikana kwa kila fundi wa redio inafaa. Mstari uliochorwa kwenye dayodi uelekee upande chanya. Wapo wanaoikata na kuiacha hivyo kwa sababu pedali inapiga. Inapiga kweli, mpaka siku adapta ya kinanda itakaporudi.

Baada ya hapo ikibaki kimya na ina chipu ya 4558 (ya kukuza sauti, yenye miguu minane), rudisha umeme, pima mguu wa 8: uwe na takriban volti 9. Miguu ya 1 na 7 iwe karibu na nusu yake. Mmojawapo ukikwama kwenye sifuri au juu kabisa, ishuku chipu hiyo. TL072 ina mpangilio uleule wa miguu, kwa hiyo inaweza kukaa mahali pake.

"Adapta ya ampea nyingi itaiunguza."

Hapana. Pedali huchukua inachohitaji. Kinachounguza ni volti na upande.

"Inanguruma, kwa hiyo ni mbovu."

Weka betri. Mngurumo ukiisha, mwenye makosa ni adapta au kugawana adapta moja na pedali nyingine. Ukibaki, sogea mbali na transfoma ya amplifaya na taa za bei rahisi. Kwenye benga, ambapo solo hupigwa safi bila mkwaruzo, mngurumo mdogo tu unasikika hadi nyuma ya ukumbi, ndiyo maana watu huwa wepesi wa kulaumu pedali.

"Volyumu ikikwaruza, nyunyizia WD-40."

Ile ya kawaida huacha mafuta, na mafuta hukusanya vumbi. Nakuru wakati wa kiangazi, hiyo ni kazi ya wiki chache. Tumia dawa ya kusafishia viungo vya umeme, tone moja kwenye mwanya, kisha zungusha kitufe mara 20 au zaidi. Matundu ya kebo yaliyopata kutu kwa unyevu wa ziwa yanasafishwa kwa pamba na spiriti ya aiso-propili.

"Swichi ni swichi."

Ya Boss, chini ya kanyagio, ni kitufe kidogo kinachorudi chenyewe. Pedali nyingi za chuma zilizotengenezwa kwa mkono zina swichi ya miguu tisa inayobaki ilipobonyezwa hadi uikanyage tena. Ukizibadilishana, pedali haitafuata mguu wako. Piga picha nyaya kabla ya kuzing'oa. Tumia solda ya 60/40 yenye flaksi ndani, sekunde mbili au tatu kwa kila mguu. Flaksi ya mafundi bomba ina asidi itakayokula saketi.

"Kila pedali inatengenezeka."

Ya analogi yenye vipuri vinavyopita kwenye matundu ya ubao, mpelekee fundi wa redio. Vipuri vidogo vilivyobandikwa juu, fundi wa simu mwenye mashine ya hewa moto ana mkono mzuri zaidi. Lakini ya dijitali iliyopigwa radi hadi chipu kuu ikafa, nunua nyingine. Kabla ya kulipa, soma miliampea zilizoandikwa chini yake: dilei (pedali ya mwangwi) ya dijitali inaweza kutaka 200 au zaidi, na adapta ya 100 itaifanya ijizime na kuwaka katikati ya wimbo.