Leseni ya samoni si hati ya samaki wanne: kwa wanaokwenda kuvua ghuba ya Alberni

Mwezi Juni samoni mwekundu, anayejulikana hapa katika mkoa wa British Columbia, Kanada, kwa jina la sokai, huanza kuingia ghuba ya Alberni, na malalamiko nayo huanza kuingia katika ofisi yetu ya uvuvi. Kila kiangazi tunawaona wazungumzaji wa Kiswahili wengi zaidi kwenye maboti na gatini Port Alberni: Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, familia nzima na kasha lao la barafu. Jambo hilo tunalifurahia kwa dhati. Lakini yako malalamiko yanayojirudia: samaki wamechukuliwa, faini imeandikwa, "mwaka jana tuliruhusiwa, mwaka huu tunakatazwa", "jirani kanionyesha leseni yake na ni sawa na yangu". Karibu kila mara mlalamikaji hakuwa na nia mbaya. Aliambiwa na rafiki kwamba samoni ni wanne kwa siku, akaishika kauli hiyo na kuiacha iliyobaki.

Iliyobaki ndiyo sheria yenyewe. Leseni inakuruhusu kuvua kile kilichofunguliwa, mahali palipofunguliwa, siku hiyo. Haikuahidi samaki hata mmoja.

Ghuba hii ni mkono mwembamba wa bahari wenye urefu wa kilomita kama 40, unaopenya Kisiwa cha Vancouver kutoka Barkley Sound hadi mji wa Port Alberni. Mwisho wake unamwagika mto Somass, unaotokana na mito Stamp na Sproat, na nyuma ya mito hiyo kuna maziwa mawili, Great Central na Sproat. Karibu sokai wote unaowafuata ghubani wako safarini kuelekea maziwa hayo. Walizaliwa huko, wakakaa ziwani mwaka mmoja au miwili wakila vijidudu vya majini, wakashuka baharini, wakakua huko miaka miwili au mitatu, na sasa wanarudi kuzaa. Wakishazaa, wanakufa. Hakuna msimu wa pili kwa samaki yule yule. Anayevuliwa ghubani na anayetakiwa kufika ziwani kutaga ni samaki mmoja, na hatuwezi kumhesabu mara mbili.

Kwa hiyo idadi yao haitabiriki kwa mazoea. Mwaka mzuri wanaorudi Somass hupita milioni moja. Mwaka mbaya hawafiki hata nusu ya hapo. Kabla ya msimu hutolewa makadirio, lakini makadirio ni makadirio tu. Kazi yenyewe hufanyika msimu ukiwa unaendelea: vipo vifaa vya kuhesabia samaki wanaopanda kuelekea kila ziwa, zipo nyavu za majaribio ghubani, na yapo mavuno yanayoripotiwa na wavuvi wa makundi yote: wa burudani, wa biashara na wenyeji wa asili. Takwimu hizo hukusanywa, makadirio yakarekebishwa tena na tena, na kutokana nayo kiwango cha kila kundi hupanda, hushuka au husimamishwa. Ndiyo maana tangazo la wiki iliyopita halikusaidii leo.

Joto ni jambo jingine, na hili watu wengi hawalielewi. Siku za jua kali maji ya mto Somass hupata joto kiasi ambacho sokai hawapandi. Wanasubiri ghubani, wamejikusanya kina cha chini kwenye maji ya baridi, na chini zaidi ya hapo mara nyingine hewa ya oksijeni ni haba, kwa hiyo wanabanwa katikati. Mvuvi mwenye kioo (skrini) cha kifaa cha kutafutia samaki chini ya maji huona ghuba imejaa, akapiga simu kutuuliza kwa nini tunazuia watu ilhali samaki wamefurika. Hawajafurika. Wamekwama. Kundi lile lile linaonekana siku baada ya siku, limechoka, na kila anayevuliwa hapo ametolewa katika hesabu ya wale ambao bado hawajafika ziwani. Wingi unaouona kwenye kioo si takwimu, na tunaomba usitumike kama hoja.

Kufungwa kwa maji si jambo geni kwa wasomaji wetu. Tanzania ililifunga Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Tofauti ni kwamba huku hakuna tarehe moja inayokaririwa. Utaratibu ni huu: asubuhi ya siku ya kuvua, kabla hujaondoka nyumbani, fungua tovuti ya Idara ya Uvuvi na Bahari ya Kanada, sehemu ya uvuvi wa burudani katika maji ya bahari ya British Columbia, uchague Eneo la 23, ambalo ndilo lenye ghuba ya Alberni. Soma jedwali la spishi moja moja. Kisha soma matangazo ya uvuvi ya karibuni, kwa sababu tangazo jipya ndilo lenye nguvu. Eneo la 23 limegawanywa katika vipande vidogo vyenye namba, na kipande kimoja kinaweza kufunguliwa huku cha jirani kimefungwa. Mpaka huelezwa kwa alama za ufukweni na kwa majira ya ramani (latitudo na longitudo). Ukishindwa kujua uko upande gani wa mpaka, usitupe mshipi.

Sasa leseni. Maji ya chumvi yana leseni ya serikali kuu, na maji baridi ya mto na ziwa yana leseni ya mkoa. Moja haifanyi kazi ya nyingine. Leseni ya maji ya bahari hununuliwa mtandaoni, na ile ya mwaka huanza 1 Aprili na kuisha 31 Machi mwaka unaofuata, hata ukiinunua Agosti. Zipo pia za siku moja, tatu na tano. Kubaki na samoni yeyote kunahitaji stempu ya uhifadhi wa samoni inayolipiwa juu ya leseni. Bila stempu unaweza kuvua, lakini samoni utamrudisha majini. Leseni ni ya mtu mmoja aliyetajwa humo. Ya baba haimhusu mama, ya mwenye boti haiwahusu abiria. Mtoto wa chini ya miaka 16 anayeishi Kanada hupewa leseni bure, lakini ni lazima aandikishwe kwa jina lake, na stempu yake inalipiwa akitaka kubaki na samoni. Mjomba aliyekuja kutembea kutoka Goma au Dar es Salaam si mkazi, atachukua leseni ya wasio wakazi, na akishika fimbo ya kuvulia dakika tano "kujaribu tu" anahesabiwa anavua. Leseni iwe mkononi wakati wa kuvua. Kusema ipo nyumbani hakutoshi.

Ndoana ya samoni iwe haina kijino, yaani ile ncha ndogo ya nyuma inayozuia ndoana isichomoke. Si lazima ununue ndoana maalumu: chukua plaizi, kibane kijino hadi kilale kabisa juu ya chuma, kisha ipitishe ndoana kwenye kitambaa cha pamba. Ikinasa uzi, bado. Afisa naye ataipima, na kijino kilichobanwa nusu hukihesabu kuwa kipo. Kumnasa samaki kwa makusudi kwa kumchoma ndoana ubavuni ni marufuku, na aliyenaswa kwa bahati mbaya mahali popote pasipo mdomoni anaachiwa papo hapo, hata kama ni mkubwa kuliko wote wa siku hiyo.

Wengi huvua sokai kwa kurambaza, yaani kukokota mshipi polepole nyuma ya boti, chambo cha bandia kidogo cha rangi ya waridi kikifuata bati linalometameta. Chambo hicho hicho hupendwa pia na samoni wa aina nyingine, hasa chinuku (chinook) na koho (coho), na hapo ndipo faini nyingi huzaliwa. Mtazame samaki akiwa bado majini kando ya boti. Sokai hana madoa meusi dhahiri mgongoni wala mkiani, jicho lake ni kubwa na linang'aa kama kioo, na ukifungua matamvua utaona vijiti vyembamba vilivyosongamana, ambavyo huchujia chakula. Chinuku ana ufizi mweusi na madoa katika pande zote mbili za mkia. Koho ana ufizi mweupe chini ya meno, na madoa yake ya mkiani yako upande wa juu tu. Chinuku akiruhusiwa, mwandike kwenye leseni mara tu unapomweka botini. Si gatini, si nyumbani: hapo hapo, kabla hujarusha mshipi tena. Ukiwa na shaka ni samaki gani, mwachie bila kumtoa majini. "Nilidhani ni sokai" tumeisikia sana, na haijapata kuwa utetezi.

Kiwango cha jumla cha samoni wa aina zote ni wanne kwa mtu kwa siku, na kiwango cha sokai hutajwa katika tangazo. Kinaweza kuwa hicho, pungufu ya hicho, au sifuri. Ni cha kila mtu peke yake. Aliyekwisha kutimiza chake haendelei kuvua kwa ajili ya mwenzake, na samaki wa boti hawachangwi kisha wakagawanywa kwa idadi ya vichwa, wakiwemo waliolala na watoto wasio na leseni. Kiwango cha kumiliki ni mara mbili ya cha siku, nacho kinahesabu samaki wabichi, waliogandishwa na waliokaushwa wakiwa popote isipokuwa katika makazi yako ya kawaida. Friza ya nyumbani haimo. Kasha lililoko garini au katika chumba cha hoteli limo. Njiani samaki wafungashwe kiasi kwamba mtu aweze kuona ni wa aina gani na ni wangapi. Usichune ngozi. Minofu miwili yenye ngozi ni samaki mmoja. Minofu iliyochunwa na kugandishwa donge moja ni tatizo lako kulieleza, si la afisa kulifumbua.

Kuuza. Samaki wa leseni ya burudani hauzwi, habadilishwi kwa kitu, halipwi kwa kazi. Tangazo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, "samoni mbichi, dola kadhaa kwa kilo", ni ushahidi. Kusema ulikuwa unarudisha tu fedha za mafuta ya boti hakubadilishi chochote, na mnunuzi naye ana kosa. Kumpa ndugu samaki ili ale ni jambo jingine kabisa, na hakuna anayekukataza ukarimu.

Adhabu zinatoka kifungu cha 78 cha Sheria ya Uvuvi ya Kanada. Kosa likishtakiwa kwa njia ya mkato, faini ni hadi dola 100,000 kwa mara ya kwanza. Kwa kosa la kurudia ni kiasi hicho, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Likishtakiwa kama kosa kubwa, faini hufika dola 500,000, na kwa anayerudia kifungo kinaweza kufika miaka miwili. Mahakama inaweza pia kuongeza faini sawa na faida uliyopata, kutaifisha samaki, vifaa, boti na gari, na kukupiga marufuku kuvua. Viwango hivyo ni vya juu kabisa. Kesi nyingi ndogo haziendi huko. Hata hivyo samaki na vifaa huweza kuzuiwa siku hiyo hiyo. Afisa uvuvi ana mamlaka ya kukagua boti na gari bila hati ya mahakama. Nyumbani unamoishi haingii bila ridhaa yako au hati. Kumzuia kazi yake ni kosa linalojitegemea.

Tunaulizwa, tena kwa ukali, kwa nini watu wa Tseshaht na Hupačasath huvua kwa nyavu na kuuza samaki wakati wavuvi wa burudani wamewekewa kiwango kidogo cha kila siku. Hawa ndio wenyeji wa bonde la Somass tangu kabla ya kuwapo kwa Kanada. Haki zao zimelindwa na kifungu cha 35 cha Katiba ya 1982, na Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 1990, katika kesi ya Sparrow, kwamba baada ya uhifadhi, uvuvi wa chakula wa Mataifa ya Kwanza (jamii za wenyeji wa asili) hutangulia uvuvi mwingine. Wanapouza, huuza katika uvuvi uliopangiwa kiwango na kuhesabiwa kwa makubaliano rasmi. Si upendeleo wa ofisi yoyote, na kuwatolea maneno wakiwa kwenye nyavu zao ni aibu kwetu sote tuliokuja juzi.

Kuhusu usalama, kila aliyemo botini awe na koti la kuokolea linalomtosha, na anayeendesha boti la injini awe na kadi yake ya uendeshaji. Siku za joto upepo hupanda mchana kutoka baharini na ghuba huchafuka haraka. Rudini mapema.

Gatini mnaweza kukutana na mtu mwenye karatasi au kishikwambi akiuliza mlivua saa ngapi, wapi, na mlipata nini. Huyo anakusanya takwimu, hakuja kukamata. Wengine humkwepa, wengine humpunguzia idadi, na matokeo yake makadirio ya wiki yanakosewa. Vilevile leseni yako inaweza kuchaguliwa kwa utafiti wa mtandaoni wa mwezi fulani, na ukichaguliwa kujibu ni sharti la leseni. Jibu fomu hata kama mwezi huo hukuvua kabisa: kuna mahali pa kujaza kwamba hukwenda.