Shimo la choo lisilojaa si lazima liwe salama

Vijijini Pwani wengi huamini kwamba shimo la choo likinywa maji haraka, au likichimbwa hadi kukutana na maji, ndilo bora kwa kuwa halijai. Ni kweli, huchukua muda mrefu kujaa. Lakini kazi ya kusafisha maji taka hufanywa na udongo mkavu ulio chini ya shimo: humo vimelea hunaswa na kufa maji yakipenya polepole. Penye mawe ya matumbawe, maji hupita nyufani bila kuchujwa, na kisima cha jirani ndicho kinachoyapokea. Ndiyo maana hushauriwa kubaki angalau meta 1.5 za udongo kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini.

Hili unaweza kulipima mwenyewe. Teremsha kamba yenye jiwe kisimani wakati wa masika, maana kiangazi maji hushuka na kukudanganya. Chimba kishimo, uangalie kuta zake: madoa ya kijivu yaliyochanganyika na rangi ya kutu huonyesha kwamba maji hufika hapo msimu wa mvua. Kisha kijaze maji, ukiache kilowe usiku kucha, asubuhi ujaze tena na upime kwa rula yanavyoshuka. Yakipotea papo hapo, ni tatizo sawa na yakigoma kabisa, kama kwenye mfinyanzi.